Tundu Nyuma ya Barafu

Karatasi ilibandikwa mlangoni mwa friza kwa herufi kubwa: MAMA, USITUMIE KISU. ZIMA, FUNGUA MLANGO, WEKA SUFURIA YA MAJI MOTO, USUBIRI.

"Nisubiri!" Bibi akasonya. "Leo mimi wa kufundishwa friza na mkwe niliyempata juzi!"

Barafu ilikuwa imevimba hadi droo ya chini haifungi. Na jamani, droo yenyewe ndiyo iliyobeba uhai wa mjukuu wake wa miezi minne: mifuko ishirini na minne ya maziwa, ambayo mkwe aliyakamua na kuyagandisha kabla ya kwenda kupasuliwa tumbo. Siku nne za kulazwa, mifuko sita kwa siku. Maziwa ya kopo walishayajaribu mara moja tu; mtoto alivimba midomo, akaanza kukoroma, wakamkimbiza kwa daktari amelegea. Wodini nako vichanga hawaruhusiwi. Baba mtoto alikuwa kwenye safari ya kazi, kwa hiyo nyumba nzima ilikuwa juu ya Bibi.

Asubuhi ile akaitia mifuko ndooni, akaifunika blanketi, akachomoa waya, akaweka sufuria. Akasubiri dakika kumi hivi. Barafu ikatoa jasho, basi. Bibi naye si mtu wa kukodolea barafu macho. Akashika kisu cha nyama. Pigo la kwanza likang'oa bonge zuri, la pili pia, akajichekea mwenyewe. La tatu likazama, na ukutani mwa friza kukatoka sauti: sssss.

Akaweka kidole, akakisikia kiupepo kikitoka kwenye tundu lisilozidi ncha ya sindano. Akafungua madirisha yote, akambeba mtoto mgongoni, akarudi na kipande cha sabuni ya kufulia, akasugua, akasugua. Sauti ikafifia, ikanyamaza.

"Ahsante, Mungu wangu," akasema. Hakuwaza kwamba huenda gesi yenyewe, ile inayogandisha, ndiyo iliyokwisha. Akarudisha mifuko, akachomeka waya. Friza likanguruma vizuri tu. Ile karatasi akaichana vipande vipande, akaitupa.

Jioni mkwe akapiga simu, sauti nyembamba ya mgonjwa. "Mama, mtoto amekula?"

"Amekula, ameshiba, analala."

"Na friza je?"

Hapo Bibi angeweza kusema. Jirani wa ukuta mmoja ana friza kubwa, dakika tano tu mifuko ingekuwa salama. Lakini aliiona ile karatasi machoni, akaona haya, akaogopa.

"Liko sawa, mwanangu. Si unalisikia linavyonguruma?"

Mfuko wa mwisho wa siku ulikuwa laini mkononi. Akajiambia ni lile joto la ndooni. Hakuthubutu kuigusa mingine.

Asubuhi akavuta droo. Mifuko kumi na minane, yote maji ya uvuguvugu. Akafungua mmoja, harufu ya uchachu ikampiga puani. Wa pili vilevile. Wa tatu. Mgongoni mjukuu akaanza kulia kwa njaa, na Bibi naye akalia, huku akifungua mifuko kama kichaa hadi ikaisha.

Akapiga simu. Akasema yote: kisu, sabuni, uongo.

"Mwanangu, nitukane basi."

"Mpe maji ya uvuguvugu kidogo kidogo kwa kijiko," mkwe akasema. "Nakuja."

"Utakujaje? Nyuzi za tumboni zina siku moja!"

Simu ilishakatwa.

Yale masaa mawili Bibi aliyatembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mtoto akilia, kisha akipunguza kulia, na huko kupunguza ndiko kulikomtisha zaidi. Friza lilikuwa bado linanguruma. Akalichomoa waya kwa hasira.

Teksi ikasimama. Mkwe akashuka amejikunja, mkono mmoja tumboni, kwenye mwingine karatasi iliyokunjamana, aliyoitia saini kwamba ameondoka hospitali kwa hiari yake. Alipoingia, Bibi akaona doa jekundu kwenye gauni, dogo, upana wa kitufe. Akapiga magoti.

Mkwe hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa mtoto.

"Inuka, Mama," akasema akihema. "Nishike. Siwezi kukaa mwenyewe nimnyonyeshe."

Bibi akamshika, na chini ya kiganja chake akalihisi lile doa, bichi, likizidi kupanuka.