Pikapu Iliyovuta Kushoto

Wewe, ukikanyaga breki gari likakimbilia kushoto, utalilaumu gari au utamlaumu dereva? Mwanangu Bagenda alimlaumu dereva, na dereva mwenyewe ni binti yake, Kokulinda.

"Mkono wake mzito upande mmoja," alisema, akatafuta dereva wa kuajiriwa aanze Jumatatu kubeba ndizi zetu kutoka Nyegezi. Koku ana leseni, na kazi ile anaipenda. Alikwenda jikoni akaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa. Nimemlea mimi, namjua.

Asubuhi nikamwambia, "Vaa viatu, chukua ufunguo. Tunakwenda Nyakato kwa Muhidin."

Muhidin ni fundi asiyeharakishwa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Likifungwa breki linavuta kushoto, na baba yake Koku anasema ni mkono wake mzito. Hili gari lina nini?"

"Bado halijaniambia."

Alipima upepo wa matairi, ukawa sawa. Akamwambia Koku aendeshe barabara tambarare nyuma ya maghala, akikanyaga breki mara kwa mara. Mimi nilikaa katikati yao, magoti yanagonga gia. Kila breki, pua ya gari ilielekea mtaroni, na Koku akairudisha, midomo kaibana.

Tuliporudi, Muhidin akaniambia nisogeze kiganja karibu na rimu za mbele, nisiguse. Ya kulia ilikuwa vuguvugu. Ya kushoto joto lilinipiga kama nimefunua sufuria ya maharage.

"Breki ya kushoto haiachii," alisema. "Huyu binti anapigana na usukani kutwa, ninyi mnasema mkono mzito."

Bagenda alikuwa ameshafika kwa bodaboda, kuangalia nani kachukua gari lake.

"Pedi nimebadilisha juzijuzi tu," akasema.

Muhidin akapiga jeki, akafungua matairi. Pedi za kulia zilikuwa nene bado, kama kipande cha sabuni kipya. Za kushoto zimelika, nyembamba kama ukucha.

"Mpya tena hizo," akasema Bagenda, taratibu.

"Weka nyingine, zitalika vilevile," alisema Muhidin. Akalegeza nati ndogo ya kutolea oili. Kama mpira unaopitisha oili ungekuwa umeziba, breki ingeachia hapo. Oili ikadondoka, breki ikabaki imebana. Basi ubaya ulikuwa kwenye pistoni, kile chuma kinachosukuma pedi. Alipoichomoa ilikuwa na kutu, na mpira wake wa kuzuia vumbi umechanika. Ndani mlikuwa na mchanga.

Koku akauchukua kidoleni, akausugua. Ulikuwa na vipande vidogo vya magamba ya konokono.

"Huu wa ziwani," alisema. "Baba, ukiosha gari unaegesha vipi?"

Nikajibu mimi, kwa kuwa nimemwona. Kila Jumamosi huteremka nalo ufukweni Ilemela, akaingiza matairi ya kushoto majini, ya kulia yabaki nchi kavu, ili akifungua mlango wake asilowanishe viatu.

"Na breki zikiwa bado za moto, zikipoa ghafla zinavuta maji na mchanga ndani," Muhidin akaongeza.

Bagenda akaangalia viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa kweli.

"Sawa," akasema mwishowe. "Likitengenezwa, yule dereva wa Jumatatu hatapata shida."

Nilimwangalia Koku. Akajifuta mchanga kwenye sketi, akasimama mbele ya baba yake.

"Mwambie asije, Baba. Gari hili nataka kuliendesha mimi."