Futi Tatu za Mwisho

Hati ilisema futi mia nne, kutoka jiwe la kwanza la mtaa hadi ukingo wa kiwanja cha Mama Vifungo, fundi cherehani. Mpima ardhi aliyeletwa na barabara mpya alivuta utepe mara mbili, na mara zote mbili mia nne ikaishia katikati ya chumba cha kushonea. Futi kumi na tano zilizobaki, cherehani zote mbili humo humo, zilikuwa za barabara.

"Yaani miaka yote hii nashona barabarani na sijagongwa?" Mama Vifungo aliuliza.

Watu wakacheka, maana mtaa mzima ulikuwa umeshajaa uani.

"Kosa ni la mnyororo, shangazi," mpima alisema. "Wa zamani walipima kwa mnyororo wa chuma. Ukivutwa sana pete zinalegea, unarefuka. Kila kiwanja kimezidi futi moja na nusu. Wewe ni wa nane, kwa hiyo zote zimerundikana kwako."

"Wa mwisho ndiye mla makombo," alisema jirani wa Mama Vifungo, ambaye mtaa ulimwita Redio.

"Hizo ni futi kumi na mbili," mpima aliendelea. "Tatu za mwisho sielewi zimetoka wapi."

Mama Vifungo alielewa. Marehemu mumewe ndiye aliyeongeza kile chumba, na hakuwa mtu wa kuzuiwa na ukingo.

"Sasa inakuwaje, mwanangu?"

"Walipigilia chuma kila kona. Chuma kikionekana, kinashinda karatasi. Kisipoonekana, nafunga ramani leo saa kumi kama hati inavyosema."

Vijana wakachimba nje, kwenye kona ya ukuta. Goti likazama, kiuno kikazama. Udongo mtupu. Saa tisa na nusu mpima alianza kukunja utepe.

Mama Vifungo aliutazama ukuta. Akinyamaza, futi zote kumi na tano zinakwenda. Akisema, jina la marehemu litalala mdomoni mwa Redio hadi kiama.

"Chimbeni ndani," alisema. "Hatua moja kutoka ukutani."

"Ndani tena?" Redio akasogeza kiti. "Mama Vifungo, umejuaje?"

"Nilikuwa mke wake, Redio. Wewe ulikuwa jirani tu."

Wakavunja sakafu. Saa kumi kasoro dakika tano sururu ililia juu ya chuma. Mpima akapiga magoti, akapangusa kutu, akapima hadi ukutani.

"Futi tatu kamili," alisema polepole. "Kumi na mbili ni zako, shangazi. Ukuta huu si wako."

Alikuwa bado anaandika wakati Mama Vifungo alipokamata cherehani ya ukutani, akaanza kuiburuta peke yake kuvuka kile chuma. Redio alimtazama kidogo, kisha akaacha kiti, akashika upande wa pili.