Vidole Viwili Kwenye Jakuzi

Haya nilielezwa na mkwe wangu, fundi wa majakuzi, Jumamosi iliyopita alipokuja kunibadilishia koki ya jikoni. Ni mtu asiyeongeza chumvi. Hata chai hunywa bila sukari.

Alikuwa ametoka kwa mzee mmoja ambaye majirani humwita Mzee Redio, kwa kuwa redio yake haizimwi. Jakuzi lake liko uani chini ya bati, beseni kubwa la maji moto la kukaa watu wanne. Siku hiyo maji yalikuwa ya kijani na yananuka. Beseni hilo lina mashine ndogo ya ozoni, ile hewa inayoua uchafu. Hewa hupita kwenye mpira mwembamba, ikatokea chini ya maji kwa mapovu madogo madogo. Mapovu hayakuwepo.

"Harufu inanifuata mpaka sebuleni," Mzee Redio alisema. "Nashindwa hata kusikiliza taarifa ya habari."

"Kwani mzee habari unasikilizia pua?"

"Fanya kazi, bwana mdogo."

Fundi akaangalia umeme, upo. Taa ya mashine inawaka. Akachomoa mpira akauchovya kwenye kikombe cha maji, mapovu yakatoka, na ile harufu ya baada ya radi. Kumbe mashine nzima. Akaifungua vali inayozuia maji yasirudi nyuma, akaipuliza; nayo nzima. Akafunga kila kitu mahali pake, akakunja shati, akapapasa chini ya maji kulitafuta tundu la kutokea hewa. Akalikuta limezibwa na kidole gumba.

Akainua macho. Mke wa mzee, aliyezikwa mwaka jana, alikuwa amekaa pale pembeni na gauni lake la maua, maji yamemfika kifuani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mikono yako baridi."

"Naomba utoe kidole, mama."

"Mapovu yana kelele. Nitamsikiaje akija?"

Fundi akaenda mlangoni. "Mzee, mama ameziba tundu."

"Mwambie atoe."

"Nimemwambia. Anakungoja wewe."

"Ananingoja nini tena? Jakuzi si nilimnunulia?"

Fundi akarudi kazini. Maji machafu lazima yamwagwe kwanza, basi akayafungulia. Yakaisha, mama akabaki amekaa kwenye beseni tupu, gauni linachuruzika, kidole pale pale. Fundi akasugua utelezi. Alipofika miguuni akamwomba ainue, akainua, na huku akimsimulia yake.

Alipokuwa hai, mgongo ulikuwa unamsumbua. Akamwomba mumewe awe anamkanda jioni, kidogo tu, kabla ya kulala. Mumewe akaenda mjini, akarudi na jakuzi juu ya lori. Majirani wakajaa uani, wakamwambia amepata mume.

"Niliomba mkono," mama alisema, "nikaletewa lori."

Tangu hapo kila jioni aliingia mle peke yake, sikio limeelekea sebuleni. Na huko sebuleni redio ilikuwa inasema.

Fundi akafungulia maji safi, akaenda kumwita mzee tena. Safari hii alikuja, ndala mguu mmoja. Akasimama karibu na beseni.

"Bado mgongo?" akauliza.

"Bado."

"Maji moto yanasaidia, wanasema."

"Wanasema."

Mzee akafungua kifungo cha mkono wa shati. Akaukunja mara moja, mara mbili, mpaka kwenye kiwiko. Mama akainamisha kichwa na kumgeuzia mgongo. Ndani, redio ikapiga ule mlio wa kuanza taarifa ya habari. Mzee akaushusha mkono wa shati.

"Fundi, hakuna tundu jingine?"

"Lipo, upande wa pili. Lakini mzee, mama ana mikono miwili."

"Hamishia huko," mzee akasema, akirudi ndani.

Fundi akahamisha mpira. Mapovu yakatoka kidogo, kisha mama akanyoosha mkono wa pili akaziba. Sasa mikono yote ilikuwa imetanuliwa kama ya mtu anayepokea mgeni mlangoni, wala hakubakiwa na mkono wa kujifutia uso.

Tundu la tatu halikuwepo. Fundi akatia dawa ya unga, akamweleza mzee dirishani kwamba maji yatakuwa ya kubadilishwa kila wiki.

"Basi uje kila wiki," mzee alisema, akajilaza kwenye kochi na redio juu ya kitambi.

Beseni lilikuwa linajaa taratibu. Jua lilikuwa bado juu ya bati wakati mkoromo wa mzee ulipoanza kusikika.

"Amelala?" mama akauliza.

Fundi akachungulia dirishani. "Amelala, mama."

"Haya."

Akaegemeza kichwa kwenye ukingo. Fundi akafunga koki polepole isilie, akakusanya spana moja moja. Alipogeuka kuaga, mama naye alikuwa amelala, vidole vyote viwili vikiwa kwenye matundu.