Ukurasa wa Doreen

Mzee Wilf Fletcher, fundi bomba mstaafu, alikufa Jumamosi. Mazishi ni Alhamisi, na leo mchungaji amekuja kunywa chai na kuuliza aseme nini juu ya marehemu. Bintiye wa pekee, Doreen, ndiye aliyempokea. Tangu Jumamosi hajalia hata tone; moyo umekufa ganzi. Alichoogopa ni kimoja tu, baba azikwe kwa maneno ya jumla jumla kama mtu baki.

"Alipenda nini?" mchungaji akauliza.

"Akina Fletcher."

Doreen akamletea daftari moja nene la baba yake. Kwa miaka arobaini mzee alikata magazeti akabandika kila Fletcher aliyepata jina, kwa alfabeti: Albert, aliyeendesha baiskeli mpaka Roma, Cyril, aliyenyongwa kwa kuwalisha wake zake sumu, Edith, aliyegundua nyota, Hubert, mbunge aliyepigwa picha amelala bungeni. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu yao, thubutu! Lakini kule baa mzee hakuwa na haya. "Huyu wetu," anasema, kifua mbele.

"Hata huyu muuaji?" mchungaji akacheka.

"Alisema tukiwatoa wabaya, litabaki jalada."

Mchungaji akafunua, akasita. Baina ya Cyril na Edith palikuwa na ukurasa mtupu, umegeuka manjano. Juu yake, kwa penseli: Doreen.

Doreen akautazama. Miaka thelathini na moja anapiga pasi mashuka ya hospitali. Gazeti gani lingemwandika? Na mzee hakumlaumu hata siku moja. Alimwekea nafasi, akanyamaza. Iliuma, ndiyo, lakini kwa mbali, kama jino lililodungwa sindano ya ganzi.

"Na mzee mwenyewe yuko wapi?" mchungaji akauliza.

Wakatafuta mpaka mwisho. Wilf hayumo.

Doreen akainuka, akachukua gazeti la mji, akakata tangazo la kifo cha baba yake, mistari minne tu. Akalipaka gundi, akalibandika kwenye ule ukurasa mtupu.

"Lakini huo ulikuwa wako, dada."

"Nilikuwa siutumii," Doreen akasema. "Alhamisi useme hivi, mchungaji. Sema aliniwekea nafasi."

Akaendelea kuunyoosha ukurasa kwa kiganja, kama shuka, ingawa gundi ilikwisha kukauka.