Kiatu Juu ya Kanyagio

…kiatu, kumbe ni kiatu, si waya uliolegea, si yule fundi wa juzi aliyefungua kila kitu akafunga nusu, ni kiatu changu mwenyewe cha kulia, kimejikunyata kati ya mguu wa meza na kanyagio la redio ya kuitia madereva, kisigino kimelikandamiza mpaka chini, na pale juu taa nyekundu inawaka, imetulia tuli, haina haya hata kidogo, maana yake niko hewani, maana yake nimekuwa hewani tangu nilipovua viatu, na viatu nilivua lini, nilivua simu ya mke wangu ilipoita, kwa sababu mazungumzo na mke wangu hayataki miguu iliyobanwa, na tumezungumza, Mungu wangu, tumezungumza kama watu wanaolipwa kwa neno, na vigari vyote na pikipiki zote zikitusikiliza, watu wangu wamejaa mji mzima na vifurushi vyao na sauti yangu imo ndani ya makoti yao, wala hakuna aliyeweza kunikatiza, maana redio hii ndivyo ilivyo, mmoja akishaishika hewa waliobaki wote ni masikio tu, unaweza kupiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikutoke, hutoki… nainama, tumbo linanizuia, hili tumbo nililolilea kwa wali na soda za nchi sita au saba, nakivuta kiatu kwa vidole vya mguu kama nyani, kinatoka, taa inazimika, na kimya kinachofuata nakijua, ni kile cha chumba ambacho watu walikuwa wakikusema halafu ukaingia, ila safari hii aliyekuwa akisema ni mimi. "Kituo," huyo ni Mama Breki, dereva wetu wa pikipiki, jina alipewa kwa sababu hajawahi kuzitumia, "Kituo, ulikuwa hewani." "Tangu lini?" nauliza, kana kwamba sijui. "Tangu uvue viatu, mkuu. Tumesikia na ulivyoguna." Nyuma yake mtu anacheka, sijui nani, kicheko kinaanza vizuri halafu kinakatika katikati, kama cha mtu aliyekumbuka kuwa yuko msibani, kwa sababu wote wamesikia nilichosema juu ya Rubani, dereva wetu mzee, na Rubani ana redio kama wao.

Na nilisema nini, mke wangu aliuliza tu, swali la watu wema, "Na yule kaka yako Rubani, mbona siku hizi hapiti nyumbani, hajambo?" na mtu mwenye akili angejibu hajambo, anakusalimu, basi, lakini mimi tangu lini nikajibu swali kwa neno moja, mimi ambaye enzi zangu za lori mpakani ofisa akiniuliza nimebeba nini nilianzia kwa babu yangu, nikasema, "Rubani amekwisha, mama, macho yamekwenda, namba ya mlango haioni mpaka aipapase, siku hizi nampa bahasha tu, asubuhi tu, barabara pana tu, kama mtoto anayetumwa kibiriti," na hata hapo ningeweza kunyamaza, hapo pangetosha kuniaibisha, lakini yeye akasema, "Maskini, na anakubali?" na mimi nikacheka, nikacheka kweli, kile kicheko cha kujisifu, nikasema, "Atakataaje, namwambia wateja wamemtaka yeye kwa jina, namwambia mama wa duka la vitambaa kasema anamtaka yule mzee mwenye adabu, wakili naye hapokei barua kwa mkono mwingine, na hakuna aliyesema hivyo, mama, nani amtake, wateja nawapika mimi hapa hapa mezani, chumvi natia mwenyewe…" chumvi, hiyo chumvi ndiyo inayonikereketa sasa hivi kooni, ningeiacha hiyo chumvi… "Halo? Baba Pacha? Umepigwa na umeme huko?" simu imelala mezani inaita kwa sauti ndogo kama ya mdudu ndani ya chupa, naiokota, "Nitakupigia," nasema, "Umefanya nini tena?" anauliza, tena, sikiliza hilo tena, miaka yote ya ndoa imo ndani ya neno hilo, nakata.

"Kumi na Moja, hapa Kituo." Kumi na Moja ndilo gari la Rubani, kile kigari cheupe chenye mkwaruzo ubavuni… "Kumi na Moja, Kumi na Moja, hapa Kituo." Hakuna. Kwenye kioo cha kompyuta kinachofuatilia magari nukta yake ya kijani imesimama nje ya ofisi ya wakili, haisogei, na nilijua iko hapo kwa sababu kabla tu ya simu aliniambia mwenyewe, kwa furaha yake yote, "Nimefika, Kituo, geti jeusi nimeliona," geti jeusi, maana wengine nawapa namba na jina la barabara, Rubani nampa rangi, nampa geti jekundu baada ya kituo cha mafuta, ukuta wa bluu wenye mti mmoja, mlango ambao mbele yake pana ngazi, nimejifunza upya ramani ya mji huu kwa ajili yake, kila siku asubuhi kabla ya kazi napita na gari langu nikitazama mageti kama mwizi, na wale vijana walikuwa wananitania, "Kituo, na mimi nipe rangi basi, mbona mimi unanipa hesabu?" nami nacheka nao, nilidhani nafanya jambo la kiungwana, tena nilijiona, mwenyewe nilijiona, nikirudi nyumbani nalala usingizi wa mtu mwema… na shati, ee Mungu, shati, Rubani alianza kupiga pasi shati, tangu nilipomwambia habari ya yule mama wa vitambaa alianza kuja na shati lenye mistari ya pasi mikononi na peremende mfukoni ili asinuke sigara, na pale uani, wengine wakipakia masanduku, yeye anasimama na bahasha yake moja ameishika kwa vidole viwili, anasema, "Nyinyi bebeni mizigo, mimi nina wateja wangu," na wote wakacheka, na Mama Breki akamwambia, "Wateja au wachumba, mzee?" na yeye akatabasamu akajifuta viatu kwa nyuma ya suruali, na mimi nilikuwa dirishani na kikombe changu cha chai, naangalia, nimeridhika kama mtu aliyemaliza kupaka rangi ukuta.

"Kituo, hapa Tisa," huyo Profesa, anaitwa hivyo kwa miwani yake tu, "nina katoni ya dawa juani na sijui naipeleka kliniki ipi, samahani, najua si wakati wake." Si wakati wake, lakini dawa hazijui, nabonyeza kanyagio kwa soksi, namwambia kliniki ya ghorofa mbili, mlango wa nyuma, namwambia Mama Breki achukue zile nyaraka za benki na asipite njia ya sokoni, sauti yangu inatoka nzima, sauti ya kazi, haijui lolote, niliwahi kuendesha lori na homa ya kutetemeka na mikono ikaendelea kubadili gia yenyewe, na nani alikuwa pembeni yangu siku hiyo kama si Rubani, kwenye foleni ya mpakani, malori yamepangana mpaka unasahau kama barabara ina mwisho, nikaumwa mpaka nikawa namwita mama yangu, na yeye akanifulia suruali kwa maji ya kopo akaianika kwenye kioo cha pembeni, na ofisa alipouliza huyu ana nini, Rubani hakubuni lolote, alisema, "Anaharisha, mkubwa, ukitaka kukagua kagua," na tukapitishwa mbele ya foleni nzima… hakuwahi kupamba neno, Rubani, siku ya kwanza nilipojidai dereva, uani, mbele ya wapakiaji na mafundi na mwenye lori, nikarudisha trela nyuma nikaligonga pipa, alikuja mpaka dirishani akasema, "Hujui kurudi nyuma. Shuka," na watu walicheka mpaka nikatamani ardhi inimeze, kisha wakaondoka wote, naye akabaki, akaniambia, "Haya, panda," akasimama nyuma ya trela kwenye jua mchana kutwa akinionyesha mkono, kulia, kulia, nyoosha, acha, mpaka nikajua, na hajawahi kuikumbushia habari ile hata tulipokuwa tumelewa… aliniambia usoni. Alichoniambia alikisema akinitazama usoni, na mimi nimemwambia mke wangu, na jirani yangu nadhani nimemwambia, na yule fundi wa redio nilimdokezea, na sasa nimeuambia mji mzima, kila mtu amejua kuhusu macho ya Rubani kwa mdomo wangu isipokuwa Rubani, yeye ameletewa habari zake mwenyewe na kiatu.

"Kumi na Moja, jibu." Nukta haisogei… labda hakusikia, labda alikuwa ndani kwa wakili na redio ameiacha garini, inawezekana, watu huacha redio garini, lakini Rubani haachi, Rubani huivaa shingoni hata akienda chooni, anasema redio ni mke wa kazini… na kama angemgonga mtu, hili nalo lije, limekuwa limesimama mlangoni muda wote huu na mimi najifanya silioni, ule mkwaruzo wa ubavuni alisema ni ukuta, nami nikasema ukuta, sawa, kuta siku hizi hazina adabu, nikacheka, na kama badala ya ukuta ingekuwa baiskeli, kama ingekuwa mama na mtoto mgongoni, mimi na wema wangu tungejificha wapi, na bado kila asubuhi nilimpa funguo, kwa nini, jiulize leo maana leo huna viatu, kwa nini usimwite ofisini ukafunga mlango ukasema kaka, macho, tuzungumze, yuko mtu wa kupokea vifurushi hapa kaunta anastaafu, kiti kipo, nilikijua hicho kiti, nilikipita kila siku… huruma, nilimwambia mke wangu ni huruma, lakini mtu mwenye huruma hacheki vile, hapana, ni kwamba Rubani ndiye pekee aliyebaki katika uwanja huu aliyeniona nikiwa mwembamba, hawa wengine wananijua mimi ni sauti na tumbo, ukiwaambia nilivuka mito kwa pantoni na trela mbili wanasema ndiyo mkuu huku wakitazama simu zao, lakini Rubani akipita dirishani asubuhi husema, "Dogo, umelalaje," dogo, mimi na mvi zangu, na siku ile yote ninakuwa mtu, basi niliogopa kwamba nikimwambia ataondoka, na nikamweka, nikamweka barabarani na macho yale, nikamfungia kwa wateja wa uongo kama kuku anayemwagiwa mtama, ili asubuhi apite dirishani… kumbe mteja aliyemtaka kwa jina alikuwepo, nilikuwa mimi, na huyo mmoja sikumtaja.

"Mkuu," Mama Breki tena, polepole, sikujua kwamba ana sauti ya polepole, "mwache kwanza, apumue." Sawa, namwacha, nahesabu pini za ramani ukutani, nakitazama kiatu, ulimi wake umetoka nje kama unanicheka, namwacha, nimemwacha, siwezi, mguu wenyewe unashuka kwenye kanyagio na mdomo unafunguka na ninajisikia, ninajisikia kabisa, nikisema kwa ile sauti ya kila siku, yenye sukari, "Kumi na Moja, kuna bahasha ya mama wa vitambaa, ameuliza kama utakuja wew…" nakata. Mguu juu. Yaani hata sasa, hata baada ya haya yote, mkono ulikuwa umeshaingia jikoni unatafuta sufuria, ndugu yangu wewe una ugonjwa, hata ukizama utamwambia anayekuokoa kwamba ulikuwa unaoga… vuta pumzi, kanyaga, kanyaga kwa soksi yenye tundu, kidole gumba nje, mji mzima unisikie tena, basi wanisikie.

"Rubani. Ni mimi. Macho yako nimeyajua tangu kitambo, na nilipaswa kukwambia wewe, kabla ya mtu yeyote, usoni. Nimekosa, kaka."

Naachia kanyagio. Nukta ya kijani iko pale pale. Nje mtu anaburuta boksi sakafuni, kwenye kaunta yule mzee anayestaafu anagonga mhuri, kiyoyozi kinatoa maji yake tone tone ndani ya ndoo, na mimi nangoja nikiwa nimeinamia spika kama mtu anayenusa maziwa, na ninajua sasa kwamba akisema dogo nitalia hapa hapa, hewani au si hewani, akinitukana nitashukuru, akicheka… taa inawaka, si yangu, ni ya Kumi na Moja, kuna upepo wa barabarani, kuna mlango wa gari unaofungwa, unafungwa taratibu, kwa adabu, halafu sauti yake, haina hasira, kama siku ile ya pipa:

"Gari liko kwa wakili, funguo nimempa mlinzi, tuma mwenye macho aje alichukue. Na usinipikie mteja tena."