Zamu ya Kuosha Vikombe

Kundi linalotengeneza mfumo wa kompyuta kwa ajili ya wasioona lilikuwa limepanga chumba juu ya duka la miwani. Ukiona hapo pana kichekesho, ujue wao walishakicheka zamani wakakichoka. Mfumo wenyewe ulikuwa wa bure na wazi: anayetaka anauchukua, anaufungua, anaurekebisha, na kumpa jirani. Kompyuta yenye mfumo huo huongea. Kilichoandikwa kwenye skrini hukisoma kwa sauti, na mwenyewe huijibu kwa kibodi.

Fundi mkuu wa mle chumbani walimwita Kiraka, kwa sababu hakuwahi kukubali kitu kitupwe. Atakitia kiraka, na kiraka juu ya kiraka. Mwaka mzima alikuwa akishonashona chombo chake kipenzi, kile cha kuleta programu kwenye kompyuta. Walikipa jina la Chapuchapu. Unakiagiza programu, kinaifuata mtandaoni, kinaipachika mahali pa ile ya zamani, kazi kwisha. Kilikuwa chepesi na cha kutii, na Kiraka alikisifia hata mahali ambapo hakuna aliyeuliza.

Tatizo lilikuwa shemeji yake. Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, mwandishi wa programu, na ulimi wake haukuwa na breki. Alileta chombo kingine, wakakiita Taratibu. Chenyewe hakifuti kitu. Programu mpya ikija, ya jana inabaki palepale kando yake, nzima, na ukiijutia mpya unarudi kwa ya jana. Kiraka akasema hiyo ni stoo ya mtu asiyetupa makopo, inakula diski bure na inakwenda kwa kujikokota. Shemeji akajibu kwamba hayo ni maneno ya ajabu kutoka kwa mtu anayeitwa Kiraka.

Lazima wachague kimoja. Toleo jipya lilikuwa linatoka, na kundi halikuwa na watu wa kuhudumia vyombo viwili. Tena safari hii chaguo lilimgusa mtu wa nyumbani. Mama mkwe wa Kiraka alikuwa opereta wa simu hospitalini hadi macho yalipozimika, wakamwambia akapumzike. Alipumzika vibaya sana. Alikuwa akiwapokelea wanawe simu zao, akiwauliza wapigaji shida yao na kuwaambia wasubiri. Sasa hospitali ilikuwa imekubali kumjaribu Jumatatu, kutwa moja, kwa kompyuta inayoongea. Akiunganisha simu zote bila mtu kumshika mkono, kiti ni chake. Akishindwa, basi tena. Na kompyuta hiyo ni Kiraka aliyeahidi kuileta.

Jumamosi wakavishindanisha vyombo hivyo kwenye kompyuta mbili, vilete sasisho lilelile, yaani programu mpya zilezile. Spika walizima kama kawaida yao, maana kompyuta zikiongea zote kwa pamoja chumba kinageuka soko. Chapuchapu kikamaliza huku Taratibu hakijafika hata nusu. Maandishi ya kijani yakajaa kwenye skrini, kila mstari unasema sawa, sawa, sawa. Kiraka akajinyoosha kitini. Shemeji akamwambia haraka haraka haina baraka, naye akamwambia aiweke methali yake hiyo akaoshe vikombe. Hiyo ilikuwa sheria ya chumba: anayeharibu mfumo ataosha vikombe vya wote hadi atakapopatikana mharibifu mwingine. Kiraka hakuwa ameloa mikono siku nyingi, na alipenda kuwakumbusha.

Mama mkwe akafika, ameshikwa mkono na mke wa Kiraka, amevaa kama anayekwenda kazini. Kiraka akasimama, akamwamkia kwa adabu zake zote, akamkalisha mbele ya kompyuta ya Chapuchapu na kuifungua spika. Mama akabonyeza kitufe. Kimya. Akabonyeza tena. Kimya kilekile.

“Imeshamaliza, Mama,” Kiraka akasema. “Imeandika hapa, kila kitu kiko sawa.”

“Imeandika,” Mama akasema. “Sasa mimi nitaisikia wapi, mwanangu?”

Kiraka akanywea. Sasisho lilikuwa limebadilisha sehemu ya sauti, na programu ya kusoma ilikuwa inaitafuta ile ya zamani, ambayo Chapuchapu kilishaifuta. Kutengeneza kulihitaji kusoma mistari na mistari kwenye skrini iliyonyamaza. Mwaka mzima walikuwa wakipima kwa macho kitu cha watu wasioona, na hakuna hata mmoja aliyeshtuka. Aliona aibu.

Shemeji hakumcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Akamhamishia mama yake kwenye kompyuta ya pili. Nayo ilikuwa imeshamaliza, na ni bubu, kwa kuwa sasisho ni lilelile. Shemeji akamwelekeza: zima, washa, subiri mlio, shusha mshale mara moja hadi kwenye ya jana, bonyeza. Mama akafanya. Ikakaa kidogo, kisha sauti ya jana ikatoka, nzima, ikamkaribisha.

Mama akaizima mwenyewe. Akarudia, na akarudia tena, hadi hakuna aliyehitaji kumwelekeza.

“Nataka hii,” akasema. “Ikinigomea huku simu zinalia, nani atanisomea?”

Kiraka alikuwa na jibu kwenye ncha ya ulimi: kwamba kufikia Jumatatu atakitia Chapuchapu kiraka. Akalimeza. Kura zilipopigwa, mkono wake ulinyooka wa kwanza kwa Taratibu, kisha akaomba sheria nyingine iongezwe, kwamba kuanzia leo kila jaribio lifanywe skrini imefunikwa taulo. Taulo akalileta yeye, baada ya kumaliza kukaushia vikombe.

Jumapili akahamishia kazi zake kwenye Taratibu, huku ananung'unika, na jioni akatuma sasisho moja dogo, la kunyoosha tu jambo lililomkera.

Jumatatu hakushika kazi. Aliikalia simu kama kuku anayeatamia. Mchana ulishakwenda ilipolia, na sauti ya opereta, nyororo na ya kikazi, ikauliza kama anaongea na Kiraka.

“Ni mimi, Mama. Shikamoo.”

“Marahaba. Asubuhi kompyuta imejisasisha, ikawa bubu. Mkuu wangu alikuwa kasimama hapa nyuma, na simu zinaita. Nikairudisha. Hata hakujua.” Akacheka. “Kiti nimepewa.”

Kiraka akapiga meza kofi la furaha.

“Sasa nauliza,” Mama akaendelea. “Hilo sasisho lilitumwa na nani?”

Shemeji, aliyekuwa amesogeza sikio karibu na simu, akaanza kukusanya vikombe vyote mezani, kimoja kimoja, na kuvipanga mbele ya Kiraka.

“Mimi, Mama.”

“Nilijua. Basi zamu bado yako. Subiri kwenye laini, mwanangu, kuna wenye shida wanapiga.”

Muziki wa hospitali ukaanza. Kiraka akabana simu kwa bega, akafungua bomba, akaanza kuosha. Hakukata.