Mume wa Kuazima

Nyamizi alimfunga mume kifungo cha mwisho cha shati nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, hatua thelathini kutoka kwa mzee Mashimba. Mume mwenyewe alikuwa wa kuazima. Aliitwa Danford. Msimu ukifika hupima pamba kule Kasoli. Msimu ukiisha hupima maneno, nayo hayajawahi kumpungukia.

"Tumeoana lini?" Nyamizi alimhoji.

"Mwaka wa sita huu. Kanisani."

"Watoto?"

"Mungu bado hajatujalia." Danford akainamisha uso kwa huzuni tamu, hadi Nyamizi nusura ampe pole.

Bariadi nzima ilimjua Mashimba. Husemwa aliwahi kumfukuza mpangaji kwa kupiga chafya za kifujaji, na mwingine kwa kuwa kivuli chake kilitangulia kuingia kabla ya hodi. Hayo yote yalivumilika. Lisilovumilika lilikuwa moja: mwanamke asiye na mume hakupanga kwake. Nyamizi alikuwa fundi cherehani aliyeachika, na kule alikokaa, mwenye nyumba alishaanza kuezua bati yeye akiwa bado kitandani. Chumba cha Mashimba kilitazama barabara ya sokoni. Alikitaka kama mgonjwa wa homa anavyotaka maji.

Akapiga magoti barazani kwa mzee, akaamkia. "Mwangaluka, baba."

Mashimba aliitikia kwa koo tu. Macho yake yalikuwa kwa mwanamume.

"Mkeo huyu, anaongea sana?"

"Anaongea nikimruhusu, mzee."

Mashimba akacheka hadi kigoda alichokalia kikatetemeka. Nyamizi naye akacheka. Jibu lile alilitunga yeye, akamfundisha Danford mara tatu mpaka likamkaa mdomoni.

Kodi ya miezi sita ilikuwa ya Nyamizi, lakini aliitia mfukoni mwa Danford, maana mwanamume ndiye hulipa. Mkataba ukaandikwa jina la Danford, maana mwanamume ndiye hutia saini. Ufunguo nao ukatua kiganjani mwa Danford.

"Nakuchongeshea na ufunguo wa akiba, mayu, mama yangu," Danford alimwambia njiani. "Jumamosi lete vyombo."

Jumamosi Nyamizi alifika na mkokoteni. Barazani palikuwa na mwanamke mpana akifagia, na Danford amekaa kando ya Mashimba, miguu kainyoosha kama mjomba aliyekuja kula mahari.

"Ndiye yule mdogo niliyekueleza, mzee," Danford alisema bila kuinuka. "Mke mkubwa kaja, yeye hataki kukaa naye. Nimemwambia arudi kwao Mwanhuzi."

"Kumbe nyumba mbili!" Mashimba alimpiga begani. "Mwanamume huyu!"

"Mimi si mke wake!" Nyamizi alipaza sauti. "Nilimwazima! Kodi ni yangu, chumba ni changu!"

Mashimba akamtazama, kwa mara ya kwanza, kwa upole wa mtu aliyeozesha mabinti saba.

"Wakikasirika wote husema hivyo, binti yangu. Siku ile ulipiga magoti vizuri sana. Usijiharibie."

Wapangaji walishatoka milangoni. Nyamizi alitafuta shahidi miongoni mwao, akamkuta mmoja tu, naye ni yeye mwenyewe, yule wa siku ile, aliyepiga magoti kando ya Danford akichekea jibu la kumdharau. Kila neno aliloliokota ili ajitetee alikuta ameshalitumia kujifunga. Alikuwa amempamba mtu mpaka mtu akaaminika, na imani ile haikubaki hata punje ya kumtosha yeye. Danford alikuwa akichokonoa meno.

Mwanamke mpana aliegemeza ufagio ukutani. Akaingia ndani, akatoka na jagi na beseni, akashuka ngazi kumfuata Nyamizi. Alimtazama kutoka miguuni hadi kichwani, polepole, kama anayemkagua ndama aliyenunuliwa bila yeye kuulizwa. Hakuwa na hasira. Hasira ingekuwa nafuu.

"Mimi Ng'washi," alisema kwa sauti ya chini. "Hakuniambia kama yupo mwingine. Hasemagi."

Nyamizi alifungua mdomo akane tena. Nyuma yake mwenye mkokoteni aliuliza kama ageuze.

"Nawa, mwenzangu," Ng'washi alisema. "Ule kwanza. Mwanhuzi ni mbali."

Jagi lilishainama. Nyamizi akakinga mikono.